Panya Waliokuwa Ukutani kwa Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za mdogo wako mwenye kucha zilizojaa saruji na moyo mwepesi kama pamba. Hujambo? Goti je? Ulisema baridi ikianza linakakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua. Tafadhali livalishe ile soksi ya sufu niliyokufumia, usione haya. Chini ya sketi nani atakuona? Shemeji hajambo na zamu zake za alfajiri? Na pacha wetu, bado kila mmoja anagombea kiti cha dirishani? Waambie mama yao mdogo anawapenda sawasawa, nimepima kwa utepe wangu wa ushoni na hakuna aliyemzidi mwenzake.

Sisi huku ni wazima. Kaka anaumwa mgongo kidogo, lakini ni maumivu ya kujitakia. Mimi nimepungua kiuno, na kwa kuwa nguo zangu nashona mwenyewe hilo halina shida. Baba ni mzima. Naomba neno hilo ulisome mara mbili: Baba ni mzima, mzima wa akili na mzima wa miguu, na hivi ninavyoandika yuko kwa jirani anamwelekeza namna ya kufagia.

Najua Kaka amekutumia ujumbe wa maneno matatu: “Baba hahami tena.” Ndivyo alivyo kaka yetu, jambo la kueleza kwa siku nzima yeye analimaliza kabla chai haijapoa. Nimeachiwa mimi maelezo, nami nimefurahi kuachiwa.

Unakumbuka kikao chetu cha simu, mwezi wa nne. Kaka alisoma mambo kama anayesoma madai ya bima ofisini kwake. Baba anasema kuna wageni ukutani. Baba anasema kuna mwizi anayemwibia sabuni. Sabuni imekutwa ndani ya kiatu cha mvua. Mkate umekutwa kwenye sufuria iliyoning’inizwa darini kwa waya. Nyuzi za sufu za marehemu Mama zimekutwa ndani ya oveni. Kisha akashusha pumzi, akasema mzee ameanza kupotea, hawezi kuendelea kuishi peke yake, aje kwake, na nyumba ipate mpangaji.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema sawa. Sijifichi. Nikakusikia unapenga kamasi, halafu ukasema kama ni kwa usalama wake, basi. Tukapanga: Jumamosi ya tarehe sita Juni, gari la mizigo lije. Nikaomba likizo kazini, nikawaachia wenzangu cherehani na mlima wa mashuka ya wodini, nikaja kumfungashia Baba.

Nilifika Jumapili jioni. Baba alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniuliza safari. Kisha akaenda akakaa na sanduku lake la kazi mapajani, lile lenye mwiko wa kujengea, timazi na pimamaji, akaliwekea mikono miwili juu kama mtu aliye kituoni anayeogopa kuibiwa. Akasema, “Fungasha, Sindano. Hili tu uniachie.” Basi. Dada, heri angenigombeza.

Jumatatu asubuhi nikaanza na jikoni. Nilitoa vyombo kabatini, nikaona nilisogeze kabati lenyewe nifagie nyuma yake. Likawa zito. Nikaegemeza bega, nikasukuma, likaachia kwa kishindo.

Nyuma yake, Dada, kulikuwa na ghala. Sabuni tatu zenye alama za meno. Viazi vilivyotafunwa upande mmoja. Soksi ya Baba ya kijivu. Mshumaa. Fundo la sufu ya Mama, ile ya rangi ya chungwa aliyoanza kufumia blanketi la pacha. Na kila mahali mavi meusi kama punje za mchele ulioungua, na kwenye ukuta, kimo cha kiganja kutoka sakafuni, mstari wa nongo uliong’aa, pale miili yao ilipokuwa ikisugua wakipita. Njia ya miaka, si ya wiki moja.

Nilikaa chini pale pale nikalia. Nililia nikiwa nimeshika sabuni.

Baba akaja na fimbo yake, akachungulia. Nilidhani atasema, “Si niliwaambia!” Aliinama polepole, akaokota lile fundo la sufu, akalipuliza vumbi, akalitia mfukoni.

“Baba,” nikamwambia, “kwa hiyo sabuni ulikuwa unaiweka kwenye kiatu kwa sababu...”

“Kiatu cha mpira kirefu, kinateleza. Hawapandi.”

“Na mkate darini?”

“Waya mwembamba. Hawashuki.”

“Na nyuzi kwenye oveni?”

“Wewe unafikiri wangapi kati yao wanajua kufungua oveni?”

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema tangu mwanzo kwamba ni panya. Kwa nini alisema wageni, mara wezi, mpaka tukamwona ametoka nje ya mstari. Akatazama ukuta. Nyumba hii, unajua, kila tofali aliliweka yeye. Tulikua tukimsikia akisema hata sisimizi akitaka kuingia lazima abishe hodi. Akasema kwa sauti ndogo, “Fundi hasemi nyumba yake ina panya, mwanangu. Nilidhani nitawamaliza kabla mtu hajajua.”

Nikampigia Kaka papo hapo, nikijua nimempa habari njema. Nilimweleza kila kitu, mpaka idadi ya viazi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Sasa ndiyo umenihakikishia. Mzee wa umri ule hawezi kuachwa kwenye nyumba yenye panya. Waziba matundu watakuja mpangaji akiingia. Jumamosi ya tarehe sita iko pale pale.” Na simu ikakatika, kikao kilikuwa kinamngoja.

Ushahidi wangu umegeuka na kunipiga mimi mwenyewe! Nikamwambia Baba maneno ya Kaka jinsi yalivyo, maana nimechoka kumficha mambo kama mtoto. Akahesabu kwa vidole.

“Leo tarehe ishirini na tano. Zimebaki siku kumi na mbili.”

“Ndiyo.”

“Madarasa mawili nimewahi kuyanyanyua kutoka msingi mpaka linta kwa siku kumi na nne, na mvua ikinyesha.” Akafungua sanduku lake. “Lete miwani yangu.”

Sasa nikuchekeshe. Siku tatu za kwanza kazi niliishika mimi, na niliiharibu. Nilikwenda dukani nikarudi na sumu. Baba akainusa paketi, akanirudishia. Panya wa sumu, akasema, hafi njiani. Anafia ndani ya ukuta, na utamnusa mpaka utamani yeye aishi na wewe ndiye uhame. Tena kuku wa jirani wakiokota maiti yake, kesho tunazika kuku. Nikarudisha sumu, nikanunua mitego ya mbao, kumi na miwili. Nikaitega yote katikati ya sakafu, nikaweka kipande cha jibini kama nilivyoona kwenye vitabu vya watoto. Jumatano, hakuna. Alhamisi, hakuna, ila jibini moja lililiwa na mtego haukufyatuka, kama mtu aliyekula hotelini akatoka kwa mlango wa nyuma.

Baba alicheka. Dada, sijamsikia akicheka hivyo tangu Mama atutoke. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

“Sindano,” akasema, “wewe ukiingia nyumba ya watu usiyoijua, unapita katikati ya sebule au unafuata ukuta?”

Kuanzia hapo yeye akawa fundi, mimi kibarua. Kwanza tulisafisha. Hapo angalau nilikuwa na la kumfundisha, maana ya hospitali nayajua: mavi ya panya hayafagiliwi makavu, vumbi lake lina maradhi. Tulifunga pua, tukavaa glavu, tukanyunyiza dawa, tukangoja, tukafuta na kutia kwenye mifuko. Kisha Baba akanipa chujio na unga, akaniamuru niunyunyize kandokando ya kuta zote, mwembamba kama poda ya mtoto.

Asubuhi ya Ijumaa tuliusoma unga. Ndiyo, tuliusoma! Vidole vinne mbele, vitano nyuma, na mkia umeburuzwa katikati kama uzi. Baba alipiga magoti juu ya mto, miwani puani, akachora kwenye karatasi ramani ya nyumba yake na njia zao zote. Walikuwa wakitoka chini ya sinki, wanafuata ukuta wa jikoni, wanapinda nyuma ya kabati, wanaingia stoo, na tawi moja linakwenda mpaka chumbani kwake, nyuma ya kichwa cha kitanda. Pale pale alipokuwa akimwambia Kaka aweke sikio. Na Kaka kweli aliweka sikio, mara tatu, lakini alikuwa akija saa ya chakula cha mchana, wakati panya wamelala fofofo.

Mitego tukaiweka kando ya ukuta, kichwa cha mtego kikigusa ukuta, na siagi ya karanga kiasi cha punje ya harage. Lakini Baba akakataa tuitege bado, iwe na chambo tu. Wacha wale, akasema. Wazoee. Mimi nikawaka: siku zinakwenda, tunawalisha! Akaniambia mtu anayesimamisha ukuta juu ya chokaa mbichi anaujenga mara mbili. Wakala Ijumaa. Wakala tena. Jumamosi jioni akaitega yote kumi na miwili, mmoja mmoja, kwa vile vidole vyake vinene ambavyo tulisema havishiki tena kikombe.

Jumapili asubuhi: watano. Jumatatu: watatu. Jumanne: mmoja, mkubwa kama soli ya kiatu changu, na baada yake unga wa ndani ukabaki mweupe. Nikaruka ruka jikoni kama niliyefaulu mtihani. Baba akaweka alama tisa kwenye karatasi yake, kwa penseli, bila kutabasamu, lakini niliona masikio yake yamesogea.

Hapo ndipo akaziba. Si kabla. Ukiziba kwanza, alisema, umewafungia ndani pamoja na chakula chako. Tundu kubwa lilikuwa pale bomba la maji machafu linapotoka chini ya sinki. Vidole vyangu viwili viliingia bila kugusa. “Fundi bomba yule,” Baba akanguruma, “miaka kumi na tisa iliyopita. Alikuwa na haraka, akatoboa akaondoka, na mimi nikasema nitaziba kesho.” Tulishindilia waya wa kusugulia sufuria, maana huo hawautafuni, kisha saruji juu. Nilikoroga mimi kwenye karai. Yeye akapiga mwiko. Kidirisha cha hewa kilichovunjika akakifunga kwa wavu wa chuma. Chini ya mlango wa nyuma akapigilia ukanda wa bati.

Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi, na hilo nililiogopa kuliko panya. Tulikuwa tumenyunyiza unga hata nje, kwenye saruji ya uani, na alama zote zilikwenda mahali pamoja. Unalijua lile rundo nyuma ya nyumba. Matofali, mbao, mabati yaliyopinda. Baraza ya Mama. Baraza ambayo Baba alisema ataijenga akistaafu, kisha akisha kupumzika, kisha mvua ikikatika, mpaka Mama akaondoka. Kaka aligombana naye mara ngapi kwa ajili ya lile rundo? Mimi nilimwonyesha tu alama. Akasema, “Hapana.” Siku nzima ya Jumatatu hakuzungumza nami, na Jumanne tukaziba matundu tukiongea maneno ya kazi tu: maji, mchanga, lete, bado.

Jumatano nilipoamka hakuwa chumbani. Nilitoka mbio. Nikamkuta uani, jua limeshachomoza, ameshika tofali, analiweka upande wa pili wa ua juu ya tofali jingine. Alikuwa ameshahamisha kama arobaini, yamepangwa kwa mstari ulionyooka.

Nikasimama naye. Akaniambia bila kunitazama, “Mama yako hakuwahi kuniomba baraza. Unajua alichoniomba? Niache kujenga, nikae.” Akanipa tofali. “Shika.”

Hapo akaingia jirani, Mama Kuku. Sijui kama unamkumbuka. Ndiye aliyehamia nyumba ya pembeni mwaka ule ulipoondoka, mpana, mwenye kicheko cha kuamsha watoto, na mabanda yake ya kuku yanagusa ukuta wetu. Alitutazama juu ya ukuta, akatoweka, akaja kwa mlango wa mbele na fagio la chelewa na viatu vya mpira. Akasema amekuwa akiibiwa mayai tangu mwaka jana na ameona aibu kusema, watu wasije wakamwambia hajui usafi.

“Mzee Fundi,” akasema, “kumbe wezi wetu ni wamoja?”

“Ndio hao hao, jirani. Kwako wanakula, kwangu wanalala.”

Tuliondoa mabati. Tuliondoa mbao. Na tulipofika safu ya chini ya matofali, Dada, ardhi ilichemka! Walitoka kushoto, walitoka kulia. Nilipanda juu ya karai nikapiga yowe ambalo nadhani mlilisikia huko. Mama Kuku alishuka na fagio lake kama mtu anayepura maharage, puu! puu! Lakini nataka nikuonyeshe mmoja tu. Dume kubwa, lenye mkia uliokatika, lilichomoka kati ya miguu ya Baba, likakata ua mzima moja kwa moja hadi kwenye bomba la sinki, njia yake ya siku zote. Likafika. Likagonga saruji. Likarudi nyuma, likatazama, likajaribu tena, likagonga tena. Lilikuwa limekaa pale limeshangaa, naapa limeshangaa, na fagio likalikuta hapo.

Baba alisimama katikati ya ua, amekumbatia tofali, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mdogo na yeye akiita vibarua kutoka juu ya jukwaa, “Hodi haijaitikiwa leo!”

Wengine walikimbilia kiwanja kitupu cha nyuma, nisijivune kuliko haki yetu. Kwa hao tulitega kando ya ukuta wa uzio, tukanasa wanne zaidi. Tukafyeka majani, tukaokota matunda yote yaliyoanguka, takataka za jikoni tukazitia kwenye pipa lenye mfuniko. Mama Kuku naye akahamishia chakula cha kuku kwenye mapipa ya chuma, na akaanza kuondoa vyombo vya kulishia kila jioni. Na yale matofali ya baraza? Baba hakutaka yakae kitako hata siku moja. Alhamisi na Ijumaa akamjengea Mama Kuku sakafu ya banda, iliyoinuliwa, laini, isiyochimbika. Mama Kuku mwenyewe alibeba mchanga. Sasa mayai yanakuja mpaka mezani kwetu, na sili peke yangu.

Ikafika Jumamosi.

Gari la mizigo lilisimama saa nne. Kaka akashuka na shati lake la kazini, na wifi nyuma yake amebeba maboksi yaliyokunjwa. Baba alikuwa amekaa kitini mbele ya nyumba, amenyoa ndevu, na pembeni yake lile sanduku, na juu ya sanduku tochi.

“Shikamoo Baba. Tuko tayari?” Kaka akauliza.

“Marahaba. Mimi niko tayari. Wewe njoo ukague kazi.”

Kaka alinitazama. Nikatazama mti. Baba akampitisha chumba kwa chumba, kama mwenye nyumba anavyopitishwa siku ya kukabidhiwa ufunguo. Unga wa siku tatu, hauna hata alama. Mlango, bati. Kidirisha cha hewa, wavu. Karatasi yenye njia zao zote, na hesabu yao. Wakafika kwenye sinki, na Baba akampa tochi.

“Lala uone.”

“Naona hapa hapa, Baba.”

“Huoni. Lala.”

Kaka akalala kifudifudi jikoni na shati lake jeupe, kichwa ndani ya kabati la sinki. Hapo ndipo mgongo ulipomuuma. Alikaa mle muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona tundu moja lililozibwa. Wifi aliacha maboksi mlangoni akaja kusimama nami, akanishika mkono.

Sauti ya Kaka ikatoka chini ya sinki. “Baba, zile mara tatu nilizoweka sikio ukutani. Ulikuwa unasikia kweli.”

“Nilikuwa nasikia kweli.”

“Sisi tulidhani...”

“Mlidhani. Hamkuniuliza.” Kisha akaongeza, “Na mimi sikuwaambia. Niliona haya. Toka humo, utajiumiza.”

Kaka alitoka, magoti yamejaa vumbi. Akapiga magoti pale pale alipokuwa, akamwomba Baba msamaha, si kwa maneno mengi, unamjua, alisema “Nisamehe” tu, kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati. Baba akamwekea mkono kichwani. Mimi na wifi tulikuwa tumeshalowa machozi. Halafu Kaka akatoka nje, na tukamsikia akimwambia dereva wa gari la mizigo ageuze, leo hakuna mzigo. Dereva akauliza, hata kiti? Kaka akasema, hata kijiko.

Aliomba jambo moja tu, kwamba bado Baba aonwe na daktari, ili sote tulale vizuri. Baba akakubali bila ubishi. Jumatano hii tuliyoimaliza nikampeleka. Daktari alimpa maneno ya kukumbuka, akamwambia achore saa, ahesabu kurudi nyuma. Akamaliza yote, akarudia na yale maneno ambayo mimi nilikuwa nimeshayasahau. Daktari akampima masikio, akasema wazee wachache sana wa umri wake wanasikia hivyo. “Najua,” Baba akamjibu. “Na wewe pale nyuma ya kabati la mafaili, ukuta wako unakwaruza.” Tulipotoka, daktari alikuwa amepiga magoti anachungulia.

Kwa hiyo Baba anabaki. Kaka sasa anakuja kila Jumapili, na sasa hivi yuko uani na kaptula, anabomoa kile kibanda cha zamani cha kuni kabla hakijapata wapangaji wa aina ile. Mimi narudi kazini kesho, na nitakuwa nikija mwisho wa kila wiki. Mama Kuku ameahidi kupita kila asubuhi kumsabahi, ingawa yeye anasema anakuja kuangalia sakafu yake.

Sasa nina ombi, Dada, na ndilo lililonikalisha kuandika barua ndefu namna hii. Baba hajui kwamba nimekuandikia. Tangu Jumamosi ile anauliza kila siku kama umepiga simu, na hasemi anataka kukuambia nini. Basi mpigie. Usimwambie umeshajua. Usiombe radhi kwanza, utamharibia; radhi itapata nafasi yake. Muulize tu hivi: “Baba, eti kulikuwa na nini ukutani?” Halafu nyamaza, umwache aseme mpaka achoke. Hata kama ni saa nzima. Hata kama wale tisa wamekuwa tisini.

Kaka na wifi wanakusalimu sana, na Mama Kuku anasema ukija ana jogoo anayekungoja bila yeye jogoo kujua. Nifikishie salamu kwa shemeji, kwa mama mkwe wako, na kwa pacha, ambao blanketi lao la rangi ya chungwa nimeanza kulimalizia kwa sufu iliyosalimika. Nimeifua kwa maji ya moto mara tatu, msiogope. Mungu awafunike wote mlio chini ya paa lenu, aliponye goti, na atukutanishe tukiwa na nguvu za kucheka.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda siku zote,

Sindano